Kiti cha Mercedes Kinatengenezwa Kuanzia Chini

Ukikuta vumbi la kahawia kwenye zulia, chini ya kiti cha dereva wa Mercedes ya zamani, usilifagie haraka. Liokote, ulisugue kwa vidole. Si udongo wa barabarani: lina vijiti vifupi vinavyochoma, na ukilitia maji haligeuki tope. Hayo ni makumbi ya nazi. Kiti kinaisha kwa ndani, na fundi anayekuambia kwamba shida yako ni kava iliyochanika hajapiga magoti akaangalia.

Nimemaliza kuvisha upya viti viwili vya mbele vya Mercedes 200 ya mjomba wangu. Kazi yote nimeifanya nyumbani, Walukuba hapa Jinja, barazani, kwa cherehani ya miguu ya mama. Naandika kwa sababu kila nikipita mjini naona magari ya umri huu yamevalishwa viti vinavyong'aa, lakini ukikaa unazama mpaka kiuno kinauma. Pesa ililipwa, reksini, ile ngozi bandia ya plastiki, ikanunuliwa, na kiti kikabaki kibovu vilevile. Jambo hili linaniuma, maana viti hivi vinatengenezeka, na mtu mwenye subira anaweza kuvitengeneza uani kwake.

Gari lenyewe ni lile umbo ambalo kiwandani liliitwa W123. Lilizinduliwa Januari 1976, na uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa 1986 yalikuwa yametoka karibu milioni 2.7. Wengi wa rika langu tuliyajua kwanza kwenye misafara ya harusi, yamefungwa riboni. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari la abiria lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo yaliyopo ndiyo hayo. Ukiliharibu lako, huwezi tu kuagiza jingine.

Ndani ya kiti hicho hakuna bonge la sponji kama watu wengi wanavyodhani. Chini kabisa ipo fremu ya chuma, na juu yake springi zimesimama kwa safu kama za kitanda cha mabibi zetu. Juu ya springi hutandikwa kitambaa cha gunia ili zisitoboe kilicho juu. Kisha hufuata tandiko nene la nyuzi za makumbi na manyoya, zilizonyunyiziwa utomvu wa mpira zikashikana. Halafu tabaka jembamba laini, na kava ndiyo ya mwisho kabisa.

Waliobuni kiti hiki hawakuchagua makumbi kwa ubahili. Nyuzi zile zinapitisha hewa, jasho linapita na kukauka. Sponji hushika joto na unyevu, na mtu anayeendesha Jinja hadi Kampala, kilomita 80 hivi zenye foleni ya Mukono ndani yake, ataisikia tofauti mgongoni kabla hajafika. Watu wa pwani waliyajua makumbi zamani sana: mitepe, vyombo vyao vya baharini vya kale, ilishonwa kwa kamba zake, ubao kwa ubao, ikapita baharini bila misumari. Nafurahi sana kila nikikumbuka kwamba nyuzi zilezile zilizoshona vyombo vya Lamu ndizo zilizombeba dereva wa Stuttgart.

Makumbi huanza kufa pale mpira unaoyashikanisha unapokauka. Nyuzi zinaachana, springi zinazisaga, vumbi linadondoka. Kwa magari yetu yenye usukani wa kulia, ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ndio unaotangulia, kwa kuwa kila anayeingia na kutoka huukalia kwa uzito wake wote. Springi za pale zikikatika, dereva anaanza kuegemea mlango bila kujua. Mjomba aliendesha hivyo kwa miaka, akidhani ni mgongo wake uliozeeka.

"Mjomba, shuka kidogo nikuoneshe." Nilibonyeza katikati ya kiti, kikarudi juu. Nikabonyeza ukingo, kiganja kikagonga chuma.

"Kumbe!" akasema. "Basi tia sponji hapo, funika, twende na safari."

"Sponji itakaa juu ya springi iliyokatika, Mjomba. Itakatwakatwa, turudi hapahapa."

Alinyamaza kidogo. "Haya, mpwa wangu. Gari hilo, chukua. Ila nisikae juu ya ndoo mwezi mzima."

Kung'oa viti si jambo la kuandikia sana. Pulizia boliti mafuta ya kulainisha kutu jioni, zifungue asubuhi, kila boliti iingie kwenye kopo lake lenye jina la upande ilikotoka. Piga picha kabla ya kila hatua. Na usifungue viti vyote viwili pamoja: kimoja kibaki kizima, maana ndicho utakachokuwa ukikikimbilia kila ukisahau kitu kilikaaje.

Kilichonishangaza kilikuwa chini ya kava. Juu kulikuwa na reksini nyekundu iliyopasuka. Nikaifungua, nikakuta kitambaa cha makochi chenye maua. Nikakifungua nacho, nikakuta reksini ya kiwandani, ile Mercedes waliyoiita MB-Tex, nyeusi kwa uchafu. Nikapitisha kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mstari mmoja tu, na rangi ya krimu ikatokea. Nilisugua egemeo zima kwa mswaki laini, nikifuata mifereji ya mishono mmoja baada ya mwingine, maji yakitoka rangi ya chai ya rangi. Kilichokuwa kimeharibika kwenye egemeo ni uzi wa mshono basi. Reksini yenyewe, yenye zaidi ya miaka 40, ilikuwa bado inakunjika bila kupasuka. Waliopita kabla yangu hawakukifungua kiti hata mara moja. Walifunika, na aliyefuata akafunika juu ya aliyetangulia.

Hapo ndipo nilipoamua mpango wa kazi: egemeo libaki na kava yake ya asili, mishono ifumuliwe na kushonwa upya kwa uzi mpya. Kikalio, ambacho kilikuwa kimechanika kweli, ndicho kikatwe upya. Naamini huu ndio utaratibu unaofaa kwa gari lolote la zamani. Ondoa kilichokufa tu. Kava ya asili ukiitupa leo, hakuna duka la Kampala litakalokurudishia.

Sasa tushuke chini. Springi iliyokatika usiichomelee. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma cha springi pale karibu na kiungo, na itakatika tena hapohapo. Tafuta kiti chakavu cha gari la aina hiyo. Kampala watu huanzia soko la Kisekka. Mimi nilikipata kwa wauza vyuma chakavu. Kata springi nzima yenye urefu na unene uleule, ifunge kwa waya imara kwenye fremu na kwa jirani zake, kisha ncha za waya zikunje zielekee chini, zisije zikatoboa gunia. Ukimaliza, kaa juu ya springi zenyewe, bila tandiko. Ukiegemea upande wowote, bado hujamaliza. Fremu nayo isugue kwa brashi ya waya na msasa, uipake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, uiache juani.

Kwa gunia, nchi yetu imetubariki. Kahawa ya Uganda husafirishwa kwenye magunia ya kilo 60, na gunia la juti lililomaliza kazi ya kahawa ndilo hasa linalotakiwa juu ya springi. Lisiwe lile la plastiki la mahindi au sukari. Hilo linasuguana na chuma na kupiga kelele kwenye kila shimo la barabara. Nililifua mara mbili, nikalikausha, nikakunja kingo ili zisifumuke, nikalishona kwenye waya wa juu wa springi kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi mnene uliopakwa nta ya nyuki. Liwe limekaza, lakini ukilibonyeza literemke pamoja na springi.

Tandiko la makumbi ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu, na ndiyo niliyoipenda. Lile la zamani halikuwa limekufa lote. Katikati na upande wa ndani lilikuwa bado linashikana. Ni ukingo wa kulia uliogeuka vumbi. Nikakata sehemu mbovu kwa kisu kirefu, mkato wa mshazari ili kiraka kisiache kidato. Kiti chakavu kilinipa kipande kimoja kizuri. Palipobaki wazi nilijaza kwa makumbi ya kapeti la mlangoni, lile la nyuzi tupu lisilo na mpira mgongoni. Unalifumua kwa mikono mpaka linakuwa rundo, unachambua nyuzi fupi unazitupa, ndefu unazilaza tabaka kwa tabaka zikipishana, na kila tabaka unalipulizia gundi ya mpira kidogo tu. Gundi ikizidi, nyuzi zinakuwa ubao. Juu yake nikaweka kipande cha mbao na jiwe la kusagia la mama, nikaacha ikauke mpaka kesho yake. Halafu nikashona kiraka na tandiko la zamani kwa shazia, mshono mrefu unaotoka juu hadi kwenye gunia na kurudi. Mikono itachomwachomwa. Vaa glavu za bustani kama unazo.

Kama huna makumbi kabisa, sponji inaruhusiwa, lakini si ya godoro la bei rahisi. Uliza uzito wake: kwa kikalio cha gari inatakiwa nzito, kilo 40 hivi kwa kila mita moja ya ujazo au zaidi. Muuzaji asiyejua uzito wa sponji yake, ibonyeze mwenyewe kwa kidole gumba ukihesabu mpaka kumi, uachie, uangalie inarudi kwa kasi gani. Inayobaki na shimo la kidole, mwachie.

Reksini ndiyo inayowavuta watu, na ndipo pesa inapopotelea. Reksini ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu kiwandani. Gari likikaa juani, na jua letu la ikweta halina msimu wa kupumzika, mafuta yale yanatoka polepole. Ule ukungu wa mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake hutoka kwenye viti na dashibodi. Yakiisha, reksini inakauka na kupasuka. Kwa hiyo dukani, iwe Kiyembe, Kampala, au kwingineko, mimi naanza kwa kugeuza upande wa nyuma. Kitambaa cha mgongoni kiwe kimefumwa kwa kunyumbulika, kikivutwa kirudi. Kisha nakunja kona mara mbili na kuibana kwa nguvu. Ikibaki na mstari mweupe, nairudisha. Yenye harufu kali sana ya kemikali pia naiacha.

Omba kipande kidogo, ukakiwashe nje, mbali na watoto na mafuta. Marekani wana kanuni ya usalama namba 302, inayotaka kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Huna maabara nyumbani, lakini macho unayo: kinacholipuka na kudondosha matone ya moto hakifai kukaliwa na mtu kwenye gari lenye petroli.

Jirani yangu, mtu ninayemheshimu, aliniuliza mbona nisitumie ngozi ya ng'ombe wetu. Ngozi nzuri ningeipenda. Ila ngozi nyingi hapa zina makovu ya kupe na alama za moto walizochomwa ng'ombe, na kupata vipande vikubwa visivyo na doa, vyenye unene mmoja, ni gharama kubwa. Akauliza tena, je, lubugo? Kile kitambaa cha magome ya mti wa mutuba ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005 kama urithi wa binadamu. Nakipenda lubugo kwa dhati, na ndiyo maana sitaki kukiona kikisuguliwa na suruali na kuloweshwa na mvua mpaka kinyofoke. Kikalio si mahali pake.

Kukata kunaanza na kufumua. Kabla hujakata uzi wowote, chora alama kwa kalamu ukivuka mshono, kila baada ya shubiri moja, ili vipande vikitengana ujue vinakutana wapi. Andika kila kipande: juu, ukingo wa kulia, mbele, na mshale unaoonesha upande wa mbele wa gari. Fumua kwa wembe polepole, vilaze vipande vikae bapa, vichore kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Karatasi hiyo ni nene, haitelezi, na haina gharama. Ila usiamini kipande cha zamani moja kwa moja: pale palipokaliwa kimevutika, pale penye jua kimesinyaa. Linganisha upande wa kulia na wa kushoto, uchukue ule ulioumia kidogo. Acha sentimita moja na nusu ya mshono pembeni. Kwa kipande cha katikati chenye mistari ya wima, shona mistari kwanza kwenye sponji nyembamba yenye kitambaa nyuma, ndipo ukate umbo. Kila mstari unakula upana kidogo. Aliyekata kwanza atakuta kipande chake hakifiki.

Kuhusu cherehani, watu wanadhani lazima uwe na mashine ya kiwanda. Cherehani ya miguu ya kawaida, Butterfly au Singer ya chuma, inapita tabaka nne za reksini ukiiheshimu. Weka sindano namba 18. Uzi uwe wa poliesta, ule mnene wa mafundi wa mikoba. Wa pamba huoza kwa jasho, na nailoni inashindwa na jua mapema kuliko poliesta. Urefu wa hatua uwe milimita 4. Hatua fupi zinatoboa reksini karibu karibu mno, na siku moja inachanika kufuata matundu. Na tundu la reksini halizibi kama la kitenge, kwa hiyo usitumie pini hata moja. Bana kwa vibanio vya nguo.

Reksini ina tabia ya kunata chini ya kiguu cha cherehani, tabaka la juu likabaki nyuma na la chini likatangulia. Paka poda ya mtoto, au pitisha ukanda wa gazeti juu yake ushone pamoja, kisha uchane gazeti. Ukifika pale mishono inapokutana, toa miguu kwenye kikanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu, ukisikiliza sindano inavyozama. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, na kila mlio ulipobadilika aliita, "Polepole, mwanangu, imefika kwenye fundo." Hakuwa anaangalia. Sikio lake linajua unene wa kitambaa kuliko jicho langu.

Mshono ukishaisha, ufungue kwa nyuma, uugonge kwa nyundo ya mpira ulale, kisha piga mshono wa pili juu, ukiufuata wa kwanza sambamba. Kwenye egemeo la asili nilifuata matundu yaleyale ya kiwandani, sindano moja moja, kwa mkono. Ni kazi ya jioni nyingi, na haionekani kabisa ikiisha. Ndivyo inavyotakiwa.

Kuvisha, chagua saa sita mchana. Tandaza kava juani mpaka iwe ya moto mkononi, inalainika. Funika tandiko kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kava iteleze, utauvuta nje baadaye kwa chini. Anza katikati mbele, kisha katikati nyuma, kulia, kushoto, ukirudi na kurudi. Kona ziwe za mwisho. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya mwingine, mistari itapinda na hutaweza kuirudisha. Kiti cha W123 kina meno ya chuma kwenye fremu yanayoshika kingo za kava. Yanyooshe kwa koleo, uyakunje tena kwa upole, maana yakivunjika hayana mbadala. Zile pete za waya zinazoshika kava kwa ndani, kama huzipati, waya wa mabati uliokunjwa kwa koleo unafanya kazi yake vizuri.

Usihofie mikunjo midogo iliyobaki. Joto la gari na uzito wa dereva vitaimaliza. Hofia boliti: zikaze sawasawa unaporudisha kiti, uzikague tena baada ya gari kutembea siku chache, kwa sababu kiti kilicholegea wakati wa ajali ni hatari kuliko kiti kibovu.

Mjomba sasa anakaa juu, na ilibidi arekebishe kioo cha kuangalia nyuma. Reksini mpya ya kikalio imekolea kidogo kuliko krimu ya egemeo, na nimeiacha hivyo; sitapaka rangi kitu cha asili ili kifanane na kipya. Kiti cha nyuma nimekipigia magoti nacho. Makumbi yake ni mazima, springi zote zimesimama, kava imechafuka tu. Kitaoshwa kwa sabuni na mswaki, na hakuna uzi utakaofumuliwa.